Kedi wa Nyakitonto

Kwenye malisho ya Nyakitonto kuna kimya ambacho wenyeji bado hawajakizoea. Ng'ombe wanalia kama zamani, upepo unapita katika majani makavu, akina mama wanaitana kutoka shamba hadi shamba. Lakini ile sauti ya mtu mzima anayetembea peke yake asubuhi akihesabu hatua, tisini na moja, tisini na mbili, kisha anasimama na kutazama mbele kana kwamba kuna mtu anamsubiri, hiyo haipo tena. Watoto waliozoea kumfuata nyuma wakimwigiza wamebaki na mchezo usio na mwenyewe. Wanahesabu hadi ishirini, wanachoka, wanaacha.

Mtu huyo ni Tharsisi Bitariho, na hatua hizo alijifunza pwani.

Aliondoka Kasulu mwaka 1967, akiwa na miaka kumi na tisa, kwenda kukata mkonge Tanga. Halikuwa jambo la ajabu. Baba yake alikwenda, babu yake alikwenda. Kila ukoo wa Waha ulikuwa na mtu aliyepanda garimoshi pale Kigoma na shuka moja begani. Aliyerudi alirudi na blanketi, au baiskeli, au kikohozi. Tharsisi alikata mkonge miaka miwili, mpaka mwiba ulipoingia kwenye kiungo cha kidole gumba na kidole kikakataa kukunjika. Mtu asiyeweza kushika panga barabara hana kazi shambani. Akafunga shuka lake, akatembea mpaka mjini, na baada ya wiki mbili za kulala barazani akapata kazi kwenye kiwanja cha gofu. Kazi ya kedi: kubeba mfuko wa fimbo za mchezaji, kuangalia mpira ulikoangukia, na kunyamaza.

Kunyamaza ndiko kulikomshinda siku ya kwanza. Kwa Waha salamu si neno la kutupwa njiani. Kijana akikutana na mtu mzima huinama, hukutanisha viganja na kupiga makofi ya polepole, "mwakeye, mwakeye," huku wakiulizana habari za waliolala, za ng'ombe, za mvua. Na makofi hayakomi mpaka mkubwa atosheke. Asubuhi ile mzee mmoja wa Kihindi, kichwa cheupe kwa mvi, alikuwa amesimama juu ya mpira na fimbo ameinua. Tharsisi aliziona mvi. Fimbo hakuiona. Akainama, akapiga makofi. Mpira uliruka ukaingia kwenye mihogo ya jirani, na mzee akageuka kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Wewe Muha!" msimamizi alimpigia kelele mbele ya wenzake. "Mtu akiinua fimbo, wewe ni gogo. Umeshaona gogo likipiga makofi?"

Tangu siku hiyo wakamwita Makofi, na kwa miaka mitatu akabeba mifuko ya wachezaji ambao hakuna mwingine aliyewataka. Walikuwa wenye hasira, wenye kulaumu kedi kwa kila mpira uliopotea, wenye kusahau kusema asante. Alijifunza kuwa gogo. Alijifunza pia mambo ambayo hakuna aliyemfundisha: kujua kwa sauti ya fimbo mpira utafika wapi, kuusoma mteremko kwa nyayo, kukumbuka mapigo yote ya siku nzima kama mchungaji anavyokumbuka rangi za ng'ombe wake. Hatua yake ikawa moja daima, panda mlima shuka mlima, kana kwamba imepimwa kwa kamba.

Desemba ya 1972 meli ya watalii iliyoitwa Kastalia ilitia nanga Tanga. Abiria wengi waliletwa ufukoni kwa boti ndogo wakaenda kutazama mapango, wengine wakatawanyika madukani. Mmoja tu alikuja moja kwa moja kwenye kiwanja cha gofu: mwanamke mfupi wa miaka sitini na kitu, kofia pana, mfuko wa fimbo uliochakaa. Alisimama mbele ya makedi kivulini akawauliza kwa Kiswahili safi cha bara:

"Nani kati yenu ana macho?"

"Sote tunayo, Mama," mmoja akajibu. "Mawili mawili."

"Na mdomo unaofungika, nani anao?"

Wakacheka, wakamsukuma Tharsisi mbele. "Mchukue Makofi, Mama. Huyu hata kelele anapiga kwa mikono."

Jina lake lilikuwa Winifred. Tharsisi akamwita Bibi Winfrida, kwa sababu hilo la kwanza lilimkwama ulimini na kwa sababu sista aliyemfundisha kusoma pale misheni aliitwa hivyo. Yeye hakupinga. Walipofika mbali na watu alimwambia siri yake. Alikuwa ameishi Moshi miaka ishirini na mumewe, mwalimu. Mumewe alipenda gofu kuliko chakula, na aliandika daftari dogo la viwanja vyote vya pwani alivyocheza, kila shimo na maneno yake. Sasa mume amekufa, na macho ya mke yanakwenda. Mpira uliopo miguuni aliuona. Kupita hatua ishirini, dunia yake ilikuwa maziwa. Wenzake melini walidhani anaona, na kama wangejua wangemkalisha kwenye kiti na kumletea chai mpaka safari iishe.

Akapiga mpira wa kwanza. Fimbo ilishuka vizuri, sauti ikatoka safi, kisha akabaki amesimama na uso ameuinua, akingoja kuambiwa.

"Umekwenda wapi?"

"Hatua mia na arobaini, Bibi. Kulia kidogo. Umelala juu ya majani, haukuzama."

"Umepimaje na hujatembea?"

"Tutatembea. Nikikosea, ukanishitaki kwa msimamizi."

Wakatembea, yeye akihesabu kwa sauti. Mia na thelathini na nane. Bibi Winfrida alicheka mpaka akashika kofia.

Walipokaribia shimo la kuingizia mpira, pale ambapo mchanga humwagiwa mafuta na kulainishwa kwa ubao, ikawa shida nyingine. Shimo halikuonekana, wala bendera. Tharsisi akasimama akifikiri, kisha akaenda kando ya bendera, akainama kama anavyoinamiwa mtu mzima, akakutanisha viganja. Makofi ya polepole, ya kwao. Bibi akageuza uso kuelekea sauti, akapanga miguu, akapiga. Mapigo mawili tu mpira ukaingia. Mikono iliyochekwa miaka mitatu ilikuwa imepata kazi.

Jioni, kabla ya boti kumrudisha melini, alimwuliza kama yuko tayari kuja naye. Meli ingekwenda Mombasa na kukaa siku nne. Kutoka hapo wangefika Malindi kwa gari na kurudi. Kisha meli ingegeuka kusini hadi Dar es Salaam, na huko angempa nauli ya garimoshi mpaka kwao. Hivyo ndivyo viwanja vitatu vilivyobaki katika daftari. Tharsisi alikwenda kuchukua shuka lake.

Kwenye Kastalia alipewa kitanda chini, kwa wafua nguo, mahali ambapo injini ilinguruma ukutani kama mashine ya kusaga. Hakuuogopa upana wa maji, maana alizaliwa si mbali na Ziwa, na meli aliziona Kigoma tangu utoto. Kilichomshangaza ni watu: watu wazima, wenye afya, waliokuwa hawaendi popote. Walipanda melini ili wawe melini. Asubuhi Bibi Winfrida alitembea naye sitahani mbele yao wote, mkono juu ya mkono wake, na watu walidhani ni mama wa kizungu anayependa mazoezi. Kumbe alikuwa anajifunza hatua ya Tharsisi kwa mwili, ili akiambiwa mia na kumi mabega yake yajue ni nguvu kiasi gani. Walipofika kiwanjani hawakuhitaji tena maneno mengi.

"Mia?"

"Mia na tano. Upepo usoni."

"Basi nipe fimbo ya tano."

Kiwanja cha Mombasa kilikuwa cha mashimo tisa, juu ya mwamba, bahari ikipiga chini. Bibi Winfrida alilijua shimo la saba kabla hajafika. Maneno ya mumewe katika daftari aliyakariri kama sala: "La saba. Ng'ambo ya maji. Nimejaribu mara tatu, bahari imechukua mara tatu." Hapo mwamba uliingiwa na ulimi wa bahari. Mpira ulipigwa kutoka upande huu ukatue upande wa pili, hatua mia na ishirini, na katikati hakuna kitu cha kuusaidia.

"Mashimo mengine yote ni matembezi, Tharsisi," alisema. "Hili ndilo lililonileta. Nitapiga mpira mmoja. Mume wangu alipiga mmoja kila alipokuja."

Tharsisi akazunguka kwa miguu hadi ng'ambo, mwendo wa robo saa. Akasimama ukingoni, akainama, akapiga makofi. Alimwona upande wa pili, kitu cheupe kidogo, akipanga miguu yake kwa sauti iliyovuka maji. Akapiga. Fimbo ya Bibi ikatoa sauti nzuri, mpira ukapanda. Lakini kedi huona mpira ukifa ungali juu. Ulianza kushuka mapema mno, ukapotea kwenye povu hatua nane kabla ya mwamba. Mawimbi hayakujali hata kidogo.

"Tharsisi!" sauti yake ikaja nyembamba. "Umevuka?"

Alikuwa gogo miaka mitatu. Angeweza kuwa gogo dakika moja zaidi.

"Umevuka, Bibi!" akaita. "Umevuka!"

Akatia mkono mfukoni, akatoa mpira wenye alama nyekundu kama ule mwingine, kwa sababu alama zote alizipaka yeye mwenyewe, akauweka kwenye majani.

Bibi Winfrida, alipofuatwa na kuletwa ng'ambo, alipiga magoti, akaupapasa mpira kwa vidole kama mtu anayepapasa uso wa mtoto. Hakulia kwa sauti. Alitoa daftari la mumewe, akaandika chini ya maneno yale kwa herufi kubwa zilizopinda: "Umevuka."

Malindi alicheza vibaya na kucheka. Dar es Salaam vivyo hivyo. Hakujali tena mapigo. Kila alipocheka, Tharsisi alipata kitu cha kufuta, au kamba ya kiatu ya kufunga. Siku ya kuagana alimpa fimbo moja, mipira miwili, nauli, na kadi yenye anwani yake.

"Kila mtu ananihurumia au ananidanganya," alimwambia. "Wewe uliniambia nilipo."

Maneno hayo Tharsisi aliyabeba kwenye garimoshi siku tatu, na yalikuwa mazito kuliko mfuko wowote wa fimbo.

Alifika Nyakitonto mwanzoni mwa 1973 akawakuta watu wameshahamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari, kila mtu akitafuta jirani yake wa zamani. Waliuliza ameleta nini. Akaonyesha fimbo na mipira miwili. Wakauliza ni ya nini. Akawasimulia, na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu alisimulia yote kwa siku moja.

"Ngoja," alisema mzee mmoja kwenye pombe ya ndizi, akiweka kata chini. "Mzungu anakitupa kitu chake mbali?"

"Ndiyo."

"Halafu anakulipa wewe ukitafute?"

"Ndiyo, mzee."

"Halafu mkikipata, anakitupa tena?"

Kicheko kilisikika mpaka kisimani. Na kwamba kwa kazi hiyo alipandishwa melini, akatembezwa Mombasa, hilo ndilo lililommaliza. Wakamwita Kapteni. "Kapteni, bahari inasemaje leo?" Khatibu, mwenye duka mjini Kasulu, mzaliwa wa Pangani, aliulizwa kama mtu anayejua ya pwani. Khatibu alikuwa mkweli, na ukweli wake ukazidisha ubaya. "Gofu ipo, nimeiona kwa macho yangu. Lakini kedi kupanda meli ya watalii, hapana, ndugu zangu. Hapo kijana ametia chumvi, na chumvi yenyewe debe zima."

Asiyecheka alikuwa Immakulata peke yake. Alikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima, msichana mrefu mwenye sauti ya kuamrisha, na jioni moja aliandika ubaoni sentensi ya kusomwa na wazee: "Bibi anapiga mpira." Darasa likavunjika mbavu. Yeye akangoja wanyamaze, akasema, "Someni. Kama ni uongo, angalau una herufi zote." Tharsisi aliyasikia hayo kwa watu, na kesho yake akaenda kusimama nje ya darasa. Kufikia Mei wote wawili walikuwa wanajua wanachotaka, na mjomba wake Tharsisi, Stanislaus, alitumwa kwa baba wa msichana.

Baba huyo alikuwa Pasikali, katekista, mwalimu wa dini katika kigango cha kijiji. Alimsikiliza Stanislaus hadi mwisho.

"Kijana ana mikono," akasema. "Hanywi sana. Mama yake namfahamu. Lakini anadanganya, na hachoki kudanganya. Mimi ninafundisha watu amri za Mungu. Nikimwoza binti yangu kwa mwongo, ile amri ya nane, ya kutosema uongo, nitaifundisha kwa uso gani?"

"Na kama anasema kweli?"

"Basi tutajua. Mimi huwapima wanaotaka ubatizo. Swali lilelile, siku mbili mbalimbali. Anayekariri huanguka. Anayejua hasimami kufikiri."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Jumapili moja ya Juni, nyasi zimechomwa na mlima umebaki mweusi, nusu ya kijiji ilipanda kwenye malisho. Tharsisi aliambiwa aonyeshe kiwanja cha Mombasa, mashimo yote tisa, na kila mahali mpira wa kwanza wa Bibi ulipotua. Akatembea akihesabu. Mlima ulipomwishia aligeuka na kuendelea. "Hapa, mia na thelathini na mbili. Ulilala kwenye jani refu." Kila alipotaja, Pasikali aliwaambia watu watangulie na Stanislaus, akabaki nyuma na jembe kwa muda. Kwenye shimo la saba Tharsisi alinyoosha mkono juu ya korongo dogo. "Haya ni maji. Mia na ishirini. Ukavuka." Alilisema haraka, akavuka akihesabu, akapita. Pasikali akabaki nyuma, akawafuata.

Tangu siku hiyo ndipo alipoanza kwenda mlimani kila asubuhi. Watu walidhani anakariri, na walimwambia hivyo usoni. Hakuwa anakariri. Alikuwa anatembea mpaka la saba na kurudi, kama mtu mwenye jino bovu anayelirudia kwa ulimi.

Siku ya pili ikapangwa Oktoba, baada ya mvua za kwanza. Usiku mmoja ukiwa umebaki, Immakulata alimkuta kisimani.

"Baba amefukia kitu ardhini kule juu," alisema. "Sijui ni nini. Ningejua nisingekwambia."

"Kwa nini usiniambie?"

"Kwa sababu nitakayelala na mwongo ni mimi, si wao."

Kwa hiyo alijua. Akitembea kama alivyotembea Juni, hatua kwa hatua, amempata. Hakuna aliyekuwepo Mombasa. Bahari haina mdomo.

Asubuhi ile nyasi zilikuwa mbichi na mlima haukuwa na alama yoyote. Khatibu alikuwa amekuja na baiskeli kutoka Kasulu. Tharsisi akaanza. Shimo la kwanza alisimama, akagonga kisigino chini. "Hapa." Pasikali akachimba, na jembe likagonga kigae cha chungu, kidogo kama kiganja. Watu wakaguna. La pili, kigae. La tatu alikosea hatua mbili, la nne hakukosea hata moja. Kufikia la sita hakuna aliyemwita Kapteni. Khatibu alikuwa amevua kofia. "Wallahi," alisema, "mimi hata kaunta yangu sijui ni hatua ngapi."

La saba alifika kwenye korongo, akasimama. Akaangalia ng'ambo. Watu wakangoja. Immakulata alikuwa upande wa pili pamoja na wanawake, mikono ameifunga kifuani.

"Hesabu," alisema Pasikali.

"Hapa hakuna cha kuhesabu, Baba Katekista. Hapa nilidanganya."

Mtu akaita kutoka nyuma, "Kapteni amezama!" na kicheko chote kilichozuiwa tangu asubuhi kikapasuka. Pasikali akainua mkono.

"Hukwenda Mombasa?"

"Nilikwenda. Mpira haukuvuka. Ulianguka majini, hatua nane kabla. Yeye hakuona, na alikuwa ametoka mbali kwa ajili ya huo mmoja tu. Nikamwambia umevuka. Nikatoa mwingine mfukoni nikauweka. Nanyi Juni niliwaambia kama nilivyomwambia yeye."

"Kule ng'ambo nimefukia kigae," Pasikali alisema polepole. "Ungetembea tu, ningekifukua, ningekupa mkono wangu mbele ya watu hawa. Uliijua hiyo?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini?"

Tharsisi alitazama miguu yake. "Kwingine kote nilikuwa ninatembea nilikopita. Hapa ningekuwa ninatembea hewani. Na binti yako amesimama kule."

Mzee akaweka jembe begani. Wengine walianza kushuka wakidhani yamekwisha. Alipozungumza, sauti yake haikuwa ya kigangoni.

"Huyo bibi anajua nini leo?"

"Anajua umevuka."

"Basi uongo wako bado unatembea kwao Ulaya, na wewe unataka kuoa huku. Utamwandikia. Siku barua itakapotoka posta ya Kasulu, njoo na wazee wako."

"Baba!" Immakulata alikuwa ameshavuka korongo, gauni limelowa hadi magotini. "Mwanamke amefiwa, haoni, ana furaha yake moja. Mnataka kumnyang'anya ili mimi niolewe?"

"Ni ya uongo."

"Ni yake!"

Wakabishana pale pale, baba na mwanawe, na watu waliokuwa wakishuka wakarudi kusikiliza. Mwisho aliyekata maneno alikuwa Tharsisi. "Aliniambia watu wote wanamhurumia au wanamdanganya, isipokuwa mimi," alimwambia Immakulata. "Mimi nilifanya yote mawili kwa mara moja. Nitaandika."

Barua iliandikwa mara tatu kwenye kaunta ya Khatibu, Immakulata akisahihisha na kukunja uso. Iliyokwenda ilikuwa fupi: "Bibi Winfrida, mpira wa shimo la saba haukuvuka. Uliishia hatua nane kabla ya mwamba. Ule ulioushika ulitoka mfukoni mwangu. Hatua nyingine zote nilizokutajia ni za kweli. Nisamehe. Tharsisi, kedi wako." Khatibu alibandika stempu mwenyewe, na hakutania.

Wazee wa Tharsisi wakaenda kwa Pasikali wiki iliyofuata, na Februari ya 1974 Immakulata akaolewa. Kwenye harusi hakuna aliyetaja bahari, isipokuwa mzee yule wa pombe ya ndizi, ambaye alilewa akaomba kuonyeshwa namna ya kupiga, na akavunja chungu.

Jibu halikuja. Kila gari la barua lilipofika Kasulu, Tharsisi alipita posta, mwaka mzima na nusu ya mwingine. Pengine bibi alikufa. Pengine alisomewa na mtu asiyejua Kiswahili. Pengine alielewa kila neno, akaikunja barua na kuitia mahali. Pasikali alikuwa akimwuliza, "Bado?" naye akijibu, "Bado, Baba," mpaka siku moja, wakitoka kanisani, mzee alisimama njiani akaegemea fimbo yake.

"Nimefundisha amri miaka thelathini," alisema. "Sijawahi kumtuma mtu kumpiga mama wa watu. Kwako sina hakika."

"Hukunishika mkono, Baba. Niliandika mwenyewe."

"Najua. Ndiyo maana nalala. Wewe unalala?"

"Siku nyingine."

Waliendelea kutembea. Watu waliowaona siku hiyo wanasema mzee ndiye aliyetangulia kuinama na kukutanisha viganja walipoachana, jambo ambalo mkwe mkubwa hamfanyii mdogo, na Tharsisi hakujua aangalie wapi.

Mwaka 1976 Immakulata alihamishiwa kisomo cha Kumsenga, wilayani Kibondo, naye Tharsisi akafunga mizigo, na malisho ya Nyakitonto yakabaki bila hatua zake. Wanaishi huko mpaka leo na watoto wao wawili. Analima maharage na mahindi, na ni mjumbe wa nyumba kumi.